Miguu Iliyokwama Kabambare

Kila ninaposikia kundi linapanga kutembea siku kadhaa ili kuchangisha fedha, huuliza kwanza: nani ataangalia miguu? Swali hili lilijibiwa vibaya sana huku kwetu kusini mwa Maniema, Kongo, mwaka 1870, na waliolipia jibu hilo ndio walioongoza baadaye mojawapo ya safari za miguu zilizopangwa vizuri kuliko zote Afrika.

Tarehe 26 Juni 1870 David Livingstone, mpelelezi kutoka Uskoti, alianza tena kuutafuta mto Lualaba akiwa na watu watatu tu: Abdullah Susi, James Chuma na Gardner. Wengine walikuwa wamemwacha. Njia ilikuwa tope, nyasi ndefu na vijito visivyokwisha. Viatu na ngozi havikupata nafasi ya kukauka. Tarehe 22 Julai akarudi Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, miguu yote miwili ikiwa na vidonda vinavyokula nyama. Akakaa kibandani siku 80 hivi. Akikanyaga chini tu, maji ya damu yanatoka.

Kidonda cha aina hiyo huanza na mchubuko mdogo chini ya goti au kwenye unyayo. Vijidudu huingia na tope, hukuta mwili uliochoka na kulishwa vibaya, na ndani ya siku chache nyama imeoza. Siku hizi tungeosha, tungefunga bandeji safi, tungetoa antibiotiki na kuuinua mguu. Livingstone alisaga malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, akalichanganya na maji na kujipaka kwa unyoya. Anasema ndilo lililomsaidia. Lakini dawa kubwa zaidi ilikuwa kutotembea, na hiyo aliweza kuipata kwa sababu alikuwa mtu huru. Katika kambi zile zile aliwasikia usiku watumwa wakilia kwa vidonda hivyo hivyo. Wao walitembezwa. Misafara ya pembe na watumwa iliyoitajirisha Kasongo na Nyangwe ilipita juu ya miguu ya watu hao, na siwezi kuusifu ufundi wa misafara hiyo bila kulisema hilo.

Miguu ilipopona, ikaja kasoro ya pili. Februari 1871 waliwasili Kabambare watu kumi waliotumwa kutoka pwani. Hawakuwa wamechagua safari ile: walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, waliokodishwa. Wakagoma, wakadai malipo zaidi. Safari ikaondoka tarehe 16 Februari na kufika Nyangwe mwishoni mwa Machi, lakini pale mtoni ikakwama miezi mitatu na ushee bila mtumbwi wa kuvukia. Tarehe 15 Julai wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wao wakawafyatulia risasi wenyeji sokoni Nyangwe, wakaua mamia, wengi wao wanawake. Livingstone akageuka, akarudi Ujiji.

Sasa watazame Susi na Chuma miaka miwili baadaye. Mapema Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi na Chuma hawakujitwalia amri. Waliwaita wenzao wote, watu wapatao 60, wakawaambia hali ilivyo, na wenzao ndio waliowaweka kuwa viongozi. Kwangu, hapo ndipo safari inaposhindwa au kufaulu, kabla ya hatua ya kwanza. Wakakubaliana jambo moja: mwili ufike pwani.

Halafu wakashughulikia mzigo. Moyo ukazikwa chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kama wiki mbili. Miguu ikakunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi, ukafungwa kwa kitambaa, ukawekwa ndani ya gome la mti na kushonewa turubai. Siku chache tu baada ya kuanza, nusu ya kundi wakaanguka kwa maradhi na maumivu ya viungo, Susi akiwa miongoni mwao. Wanawake wawili wakafa. Kundi likasimama takribani mwezi mzima. Fikiria uamuzi huo, na maiti iko mabegani! Wangeweza kuwaacha wagonjwa nyuma, kama misafara ya biashara ilivyofanya mara nyingi. Walingoja.

Unyanyembe, karibu na Tabora, Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele zaidi, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, wakautuma nyuma kana kwamba wanarudi, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa hivi na zaidi ya kilomita 1,500. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baada ya mazishi. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikizilinganisha safari hizi mbili, sioni tofauti ya ushujaa. Susi na Chuma walikuwa mashujaa hata Kabambare. Tofauti naiona katika mambo ambayo mtayarishaji wa matembezi ya hisani anaweza kuyaandika kwenye karatasi leo: kila mtu amekubali mwenyewe kwenda, kiongozi amechaguliwa na watembeaji, mzigo umepunguzwa kabla ya kuondoka, na aliyeumia anangojwa. Kati ya hayo, la mwisho ndilo linaloachwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mfadhili anangoja picha za kufika.

Basi ndugu zangu wa Kabambare na Kasongo, mkiamua kutembea kati ya miji hii kuichangia zahanati au shule, msiondoke bila muuguzi, sabuni, maji safi na bandeji. Kila jioni kila mmoja avue viatu, miguu ikaguliwe, na mwenye mchubuko asianze safari ya kesho mpaka muuguzi amkubalie.