Udiwani wa pembezoni: ahadi nyingi, kalamu ya nani?

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Jiji la Mbeya lilitoka watu 385,279 na kufika 541,603. Manispaa ya Iringa nayo ilipanda kutoka 151,345 hadi 202,490. Ongezeko hilo linaonekana zaidi pembezoni kuliko katikati ya mji: Mbeya ni Isyesye na Nsalaga zaidi kuliko Mwanjelwa, na Iringa ni Igumbilo na Mkimbizi zaidi kuliko Miyomboni; palipokuwa na mahindi juzi, leo pana msingi wa nyumba. Mwaka 2025 Uyole ikamegwa kutoka Mbeya Mjini na kuwa jimbo la uchaguzi linalojitegemea.

Katika kata za pembezoni za namna hii, vipaumbele vya wagombea udiwani hufanana: barabara, maji, shule, zahanati, mikopo. Njia nzuri ya kuvichambua ni kuuliza, kwa kila kimoja, nani mwenye kalamu ya kuidhinisha.

Tuanze na barabara. Barabara ya njia nne ya kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni kazi ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Diwani anaweza kuipigania barabara kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwenye baraza la madiwani, lakini mkandarasi hamteui yeye. Maji vilevile: Mbeya ina mamlaka yake ya maji, Iringa ina yake, IRUWASA, na vijijini kuna RUWASA, wakala wa maji iliyoundwa mwaka 2019. Hata kodi ya majengo, tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme, wala si baraza linaloikusanya. Kwa hiyo nyumba mpya huongeza mahitaji ya kata papo hapo, ila baraza halina mkono wa moja kwa moja kwenye kodi yake.

Mikopo ya asilimia kumi ndiyo iko karibu zaidi na baraza, kwa sababu hutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Diwani aliyechaguliwa Oktoba 29, 2025 alikuta bajeti iliyopitishwa na waliomtangulia. Ya kwanza yenye mkono wake ni ya 2026/27. Mgombea anayeahidi jengo ndani ya siku mia moja ama hajaisoma kalenda hiyo, ama anategemea kwamba mpiga kura hajaisoma.

Liko jambo moja ambalo kata haina haja ya kusubiri bajeti ili kuanza kulishughulikia, nalo ni ardhi. Tazama shamba linavyouzwa pembezoni. Mwenye shamba hupima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na kati ya viwanja huacha uchochoro wa kupita bodaboda, maana kila hatua ya barabara ni fedha anayoikosa. Wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa. Miaka mitano baadaye gari la zimamoto halifiki, lori la taka halipiti, na anayetaka kupanua njia anadaiwa fidia. Shule nayo haina pa kujengwa. Urasimishaji ukija, kazi yake kubwa ni kuchora ramani ya kosa lililokwishafanyika.

Hatari nyingine ni kwa maisha ya watu. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka Itezi, Mbeya, ukafukia nyumba na kuiharibu shule. Mteremko kama ule unapaswa kuwekewa alama kwenye ramani kabla haujaingia sokoni.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo diwani ana pa kushika: adai baraza lichore mpango wa kata kabla mashamba hayajakatwa, atenge maeneo ya umma kupitia kamati ya kata, na akubaliane na wenyeviti kwamba muhuri haugongwi kwenye kiwanja kinachoziba njia. Ugumu uko mpakani: Iwambi iko ndani ya Jiji, Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, wakati mji unakua kama mmoja. Hapo mabaraza mawili yanalazimika kuzungumza.

Mbona ahadi hii haisikiki jukwaani? Kwa sababu mwenye shamba anapiga kura leo, na mauzo yanawapa wengi riziki, kuanzia dalali hadi shahidi. Atakayeteseka na uchochoro ule bado hajahamia, wala jina lake halimo kwenye daftari la kata. Kisiasa, kulinda ardhi ni kumwudhi aliyepo kwa faida ya asiyekuwapo.

Ndiyo maana kipimo cha diwani wa pembezoni kisiwe orodha ya miradi aliyoizindua mwingine. Muhula ukiisha, aulizwe kata ina ekari ngapi za shule, zahanati na soko zenye hati kwa jina la halmashauri, na ngapi kati ya hizo zilipatikana yeye akiwa kwenye kiti.