Wivu wa Winston: nani alileta kidonda?

Wasomi wenzangu, tunapoandika kazi za mwisho wa masomo tuko na desturi moja: mtu anachukua mchezo wa kuigiza, anachukua Freud, kiisha anampima kila mhusika kama mgonjwa. Huyu ana wivu, yule anachukia baba yake, basi. Uchunguzi huo wa nafsi unafaa, lakini ukiishia pale unamsaidia mlinzi wa buloko.

Tuangalie The Island, mchezo ambao Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona waliutunga pamoja, ukaonyeshwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1973. John na Winston, wafungwa wa siasa, wanakaa chumba kimoja. Mchana wanachimba mchanga wa pwani bila faida yoyote. Usiku wanajitayarisha kuigiza Antigone, yule dada aliyemzika kaka yake hata kama mfalme alikataza.

Freud anatusaidia kweli. Mwaka 1927 aliandika kwamba kwa mzaha mtu anakataa kuvunjwa na hali yake. Njo maana John anashika kikombe kama simu, eti anaita marafiki wa nyumbani, na wote wawili wanafurahi. Lakini Winston akivaa nywele na matiti ya bandia, John anamcheka yeye, na sasa kicheko kinaumiza.

Kiisha inafika habari: kifungo cha John kimepunguzwa, amebakiza miezi 3. Winston amefungwa maisha. Anaanza kumtesa rafiki yake kwa maneno, akimchorea siku ya kutoka. Ni wivu? Ndiyo. Lakini nani aliuingiza mule chumbani? Siku ile haikuhitajika fimbo. Habari njema ya mmoja ilitosha kuwagawanya.

Frantz Fanon, daktari wa akili kule Blida, Algeria, aliliona jambo hili. Mwaka 1956 aliacha kazi ya hospitali, juu huwezi kuponya akili za watu ndani ya utawala ambao kila siku unaziharibu.

Mwishoni Winston anamcheza Antigone mbele ya walinzi, anavua zile nywele, anasema kama yeye mwenyewe. Hasira yake imeacha kumwangalia John.

Hata kwetu, mtu akitoka kasho na mwenzake akabaki, tunasema mbio: huyu aliyebaki ana roho mbaya. Tuulize kwanza nani aliwatenganisha. Munaonaje?