Kusikia Harufu: Uhakiki wa Zoezi Moja la Mazungumzo ya Kiingereza

Katika madarasa ya Kiingereza niliyohudhuria huku Mutshatsha, zoezi la vitenzi vya milango ya fahamu huanza kwa mchoro uleule ubaoni: jicho na "see", sikio na "hear", pua na "smell", ulimi na "taste", mkono na "feel". Kisha wanafunzi huketi wawiliwawili, wakaulizana na kujibizana. Mchoro wapendeza. Kasoro yake ni kudhani kwamba kila kiungo kina kitenzi chake, jambo ambalo Kiswahili hakijapata kulikubali.

Sisi husikia kwa sikio, lakini twasikia pia harufu, baridi, njaa na maumivu. Hata lugha, maana asikiaye Kiswahili ni yule akifahamuye. Basi mwanafunzi husema kwa utulivu "I hear the smell of makayabu", na mwenzake humjibu bila kusita. Hapa ndipo mazungumzo yanapotusaliti. Wawili hao wana kusikia kumoja. Ujumbe umefika, hakuna aliyekunja uso. Zoezi limefaulu kama mazungumzo, na kosa limeota mizizi. Kifaransa, lugha ya kufundishia, nacho hakitoi msaada mkubwa, kwani "sentir" ni ya pua na ya ngozi pia.

Wako walimu wanaohitimisha kwamba Kiswahili ni maskini wa hisi. Sikubaliani nao hata kidogo. Åke Viberg, katika uchunguzi wake wa mwaka 1983, alitenga mambo matatu: tendo la makusudi, hali inayompata mtu, na sifa ya kitu chenyewe. Kwa sauti Kiingereza kina "listen", "hear" na "sound". Kwa harufu "smell" hubeba mzigo wote peke yake. Kiswahili kina kunusa, kusikia harufu, na kwa kitu chenyewe kunuka au kunukia, wala hatuwezi kumkaribisha mgeni kwa mchuzi unaonuka. Tena Nicholas Evans na David Wilkins walionyesha mwaka 2000 kwamba katika lugha za wenyeji wa Australia ni kusikia, zaidi ya kuona, ndiko kuzaako maana ya kufahamu. Hatuko peke yetu.

Zoezi hilo pia halisemi lolote juu ya wakati wa kitenzi. "Nasikia" yetu hutosha kwa desturi na kwa sasa hivi. Kiingereza hukubali "I am listening" na kwa kawaida hukataa "I am hearing". Sababu ni mgawanyo uleule wa tendo na hali, ambao mchoro wa viungo umeufuta.

Mtu asidhani haya ni mambo ya darasani tu. Mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ulianza kutoa shaba mwaka 2021, na vijana wetu wengi hujifunza Kiingereza wakitazamia kazi za migodini, ambako asidi ya salfa na gesi zake si mgeni. Mfanyakazi akimwarifu msimamizi mgeni kwamba "anasikia" gesi, huyo atatafuta bomba linalovuma, ilhali hatari imo puani.

Ndiyo maana napendekeza mazungumzo ambamo kitenzi kibaya kina gharama. Mwanafunzi mmoja afumbwe macho, apewe kopo lenye kitu asichokijua, alitikise, alifungue, anuse. Mwenzake ageuke, asikie maneno tu, aandike ni mlango gani wa fahamu uliotumika, kisha akisie kilichomo. Katika jaribio letu la kwanza kijana mmoja alitangaza "I hear fish". Mwenzake, aliyeshikilia kanuni kuliko sisi sote, aliuliza samaki huyo anaimba nini. Darasa lilicheka, na mara ya pili kijana alisema "smell". Wiki iliyofuata, hata hivyo, yuleyule alinijia kabla ya saa sita akaniarifu kwamba anasikia njaa, "I hear hungry", na kwa njaa bado sijapata kopo.