Simba, Mzimu na Ufundi wa Kuficha

Ukitoka Voi kwa reli kuelekea Nairobi, mwendo wa kama kilomita 50, unavuka Mto Tsavo. Hapo ndipo mwaka 1898 simba madume wawili wasio na sharafa walipowatia hofu wajenzi wa reli hata kazi ya daraja ikasimama, na hapo ndipo kilipochimbuka kitabu ambacho mtoto wa Voi hukisikia kikisimuliwa muda mrefu kabla hajakishika mkononi. J. H. Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, aliwapiga risasi wote wawili mwezi wa Desemba, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1907 akatoa kitabu, The Man-Eaters of Tsavo, na jina la mto mdogo wa nyikani likajulikana London na New York.

Simba wenyewe si ajabu kwa mtu wa Taita Taveta. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, na habari za mnyama aliyevuka usiku hadi kwenye boma la mbuzi husikika kila mara. Kinachomnasa msomaji ni jinsi Patterson anavyowaficha. Kambi za vibarua zimetawanyika kandokando ya reli kwa maili kadhaa. Yeye amepanda mti penye kambi iliyovamiwa jana, bunduki mapajani, giza totoro. Kimya. Kisha mayowe yanasikika, lakini yanatoka kambi nyingine, mbali, na hawezi kufanya lolote mpaka kuche. Kesho yake anahamia kule, na simba wanarudi huku. Kurasa zinapita, watu wanakufa, na msomaji hajaonyeshwa simba sawasawa.

Huo ndio ufundi wenyewe. Mwandishi anajua, anakunyima, unafungua ukurasa.

Tena Patterson anajua wakati wa kuondoka jukwaani. Machi 1899 mhandisi O'Hara, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, aliuawa na simba mwingine usiku akiwa amelala hemani na mkewe na watoto. Patterson hakujaribu kukipamba kisa hicho. Alimwachia mjane asimulie mwenyewe, na sauti ya mama huyo inatisha kuliko bunduki zote za kitabu.

Msomaji wa Voi, hata hivyo, hujikwaa mahali ambapo msomaji wa London alipita bila kuangalia chini. Patterson anataja vibarua 28 wa Kihindi walioliwa, kisha anaongeza kwamba Waafrika walioliwa pia walikuwa wengi, ila hakuna aliyewaandika. Miaka mingi baadaye mwenyewe alidai jumla ilikuwa 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao ngozi zao Patterson aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago miaka ya 1920, ulikadiria kama watu 35. Basi ni nani hao wasioandikwa? Walitoka milima ipi? Anayeanza kuuliza hivyo ameshaacha kusoma kisa cha uwindaji. Amekuwa mpelelezi.

Na kwa Kiswahili mpelelezi yupo, ana kiko mdomoni. Mohamed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi aliyekuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti Zanzibar, alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960, na ndicho kilichoitia riwaya ya upelelezi katika fasihi yetu. Maiti inakutwa mzimuni, watu wananong'ona kuhusu wazee wa kale, na Bwana Msa anavuta kiko chake. Abdulla hafichi ushahidi. Ameuanika mbele ya kila mtu. Anachoficha ni mawazo ya Bwana Msa tu. Rafiki yake Najum haelewi kinachoendelea, na sisi tunakaa upande wa Najum, tukijiona werevu kumzidi, mpaka tunapoumbuka pamoja naye.

Kitabu hicho kikisomwa Wundanyi au Mbale, kwenye milima ya Taita, kina mwangwi ambao huenda Abdulla hakuufikiria. Wadawida walihifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango ya miamba, na misitu mitakatifu ya fighi ilikuwa na masharti yake. Mtoto aliyekatazwa kusogelea mwamba fulani anamwona Bwana Msa akiingia mzimuni kwa miguu yake, akichunguza, akitoka salama na jibu. Hofu haimwondoki mtoto huyo, lakini imepata mwenzake: udadisi.

Shule nazo zina mkono wao katika kuua mchezo huu. Kando ya kila kitabu cha fasihi kinachotahiniwa huuzwa mwongozo, na humo dhamira, wahusika na mbinu zimepangwa, na mwisho umeshatajwa. Mwanafunzi anamjua Maimuna wa Utengano kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hajasoma sentensi moja ya Said Ahmed Mohamed. Amepita mtihani, sawa. Siri imekwisha kumwagwa.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ilistahimili miongozo kuliko nyingine kwa sababu ina safari: Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake hadi Kitale, na swali lake ni jepesi kiasi kwamba halichoki. Mwaka mmoja kabla yake, Katama Mkangi, mhadhiri aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, alitoa Walenisi, na humo Dzombo aliyehukumiwa kifo anarushwa angani hadi sayari nyingine. Hapa kinachofichwa si muuaji wala simba. Ni mahali penyewe tulipo. Mkangi hana subira ya Abdulla. Wenyeji wa Walenisi wanaeleza mfumo wao kwa kirefu, pengine kwa kirefu mno, na msomaji aliyelelewa na simba wa Tsavo anaweza kuruka kurasa mbili tatu. Atarudi lakini, maana Dzombo ameacha watu nyumbani.