Nyota Mwanzo, Reli Mwisho

Ukitoka Mombo kuelekea Mkomazi, Mazinde unaipata ukiwa na milima ya Usambara mkono wako wa kulia. Huku chini ni tambarare, jua kali, mikonge, na reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Hapo, kwenye benchi la wakala wa pesa, ndipo nilipojifunza kuiheshimu programu ndogo kuliko zote ninazozijua.

Bibi mmoja alifika na kitochi chake, kimefungwa mpira ili betri isichomoke. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi. Namba kwenye vitufe zilishafutika zamani, lakini kidole hakikuzihitaji. "Nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli," alitamka taratibu huku akibonyeza. Menyu ikafunguka. Akachagua kutuma pesa, akaandika namba ya mjukuu wake anayesoma Tanga, kisha kiasi. Jina la mjukuu likatokea kwenye kioo. Akaisogeza simu karibu na macho, akalisoma herufi kwa herufi, ndipo akathibitisha kwa namba ya siri. Ujumbe ulipoingia alisema, "Imefika," akaizima simu ili chaji isiishe.

Yote hayo yalifanyika bila intaneti, na kwenye simu isiyo na nafasi ya kupakulia kitu chochote. Mafundi wanaiita njia hiyo USSD. Meseji ya kawaida ni kama barua: usipokuwapo, inakusubiri. USSD ni mazungumzo ya ana kwa ana, laini ikiwa wazi mpaka mmoja aage. Unapobonyeza 1, hiyo 1 inakwenda mnarani, inapita mitambo ya kampuni ya simu hadi kwenye seva, na jibu linarudi muda huohuo. Seva ndiyo inayokumbuka kwamba umeshataja namba na sasa unadaiwa kiasi. Kitochi kinaonyesha tu. Ndiyo maana ukikipoteza barabarani, salio lako halipotei nacho.

Sasa mfikirie fundi aliyeitunga menyu ile. Kioo kimoja cha USSD kinabeba herufi na alama 182, nafasi tupu zikiwemo. Humo aweke swali, machaguo yake na njia ya kurudi nyuma. Neno likirefuka, chaguo jingine linasukumwa nje. Tena mazungumzo yana muda wake: anayesoma polepole akikuta maelezo marefu, laini inakatika hajamaliza. Kwa hiyo kila neno lipimwe, na jambo linalotafutwa na wengi likae juu. "Tuma pesa" ni maneno mawili tu, lakini hayaachi shaka.

Njia hii haikuwa pekee. M-Pesa, huduma aliyoitumia bibi yule, ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya simu. Ilipoingia Tanzania mwaka 2008, watu waliizoea kwa nyota na reli, menyu ikitunzwa kwenye seva. Faida yake ni kwamba fundi akirekebisha neno moja kule, kesho yake kila kitochi nchini kinalionyesha, bila mtu kubadilisha kadi.

Wakala mwenyewe alikuwa na simu janja, na humo kuna ufundi wa namna nyingine. Programu ya kupakuliwa, iliyoandikwa kwa ajili ya aina moja ya simu, inazungumza moja kwa moja na kamera na ramani, na inaweza kufanya kazi hata mtandao ukipotea. Lakini inakula nafasi na bando, na fundi huiandika mara mbili: ya Android na ya iPhone. Programu ya wavuti haipakuliwi. Inafunguka kwenye kivinjari, na mara nyingi mtandao ukigoma nayo inagoma. Kati yao kuna ya mseto: kurasa za wavuti zilizovikwa ganda la programu, ili kazi moja itumike kwenye simu za aina zote mbili. Fundi mzuri hachagui kwa kufuata fasheni. Anauliza kwanza mtumiaji ana simu gani, na bando lake ni la kiasi gani.

Kazi ngumu zaidi haionekani kwenye kioo. Mtandao unaweza kukatika pesa ikiwa katikati ya safari. Mfumo lazima ujengwe ili kilichotoka huku kiingie kule, au kisitoke kabisa. Pasiwe na shilingi inayoning'inia. Anayetuma ada ya shule hajui kama kuna watu walioumiza kichwa kwa hilo, na kutojua kwake ndio ushahidi kwamba kazi ilifanyika vizuri.

Basi langu lilipofika nilikuwa bado nalifikiria lile jina kwenye kioo. Ingekuwa rahisi kwa fundi kuliruka. Pesa ingekwenda vilevile. Lakini alijua kuna mtu atakayeandika namba kwa vitufe vilivyofutika, akikosea tarakimu moja ada ya mtoto inakwenda kwa mgeni. Akatenga nafasi kati ya zile alama 182, akaweka jina, ili bibi apate kulisoma herufi kwa herufi kabla ya kukubali.