Taharuki na Gharama ya Kushindwa katika Mchezo wa Video wa Alien: Isolation

Ugumu wa mchezo wa video huhakikiwa mara nyingi kana kwamba ni suala la kiufundi tu: mchezo ni mwepesi au ni mgumu, na mchezaji huchagua kiwango kinachomfaa. Katika utanzu wa michezo ya kutisha ya kunusurika mtazamo huo hautoshi, kwa kuwa ugumu ndio unaozalisha hofu. Asiye na cha kupoteza haogopi. Alien: Isolation, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza na kutolewa na Sega mwezi Oktoba 2014, unaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Ulipotoka, PC Gamer iliupa alama 93 kati ya 100, ilhali IGN iliupa 5.9 kati ya 10. Tofauti hiyo haielezeki kwa kudai kwamba upande mmoja haukuuelewa mchezo. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia sifa ileile moja, kila upande ukiitazama kwa saa tofauti za mchezo.

Kisa kinatokea mwaka 2137, miaka 15 baada ya matukio ya filamu ya Alien ya Ridley Scott iliyotoka 1979. Amanda Ripley, fundi mitambo, anafika katika kituo cha anga cha Sevastopol kwa sababu kinasa taarifa za safari cha Nostromo, chombo alichopotelea mama yake Ellen, kimepatikana. Anachokikuta ni kituo kilichovunjikavunjika, manusura wenye bunduki wasiomwamini mtu, na kiumbe mmoja anayewawinda wote. Kiumbe huyu hafi. Kirusha moto humfukuza kwa muda tu, na risasi humvuta aje. Huo ndio uamuzi wa msingi wa watunzi, na uzito wake unaonekana vizuri ukilinganishwa na Aliens: Colonial Marines wa 2013, ambamo viumbe wa jamii hiyohiyo waliuawa kwa makundi hadi wakakosa kutisha kabisa.

Nguvu kubwa ya mchezo huu imo katika namna kiumbe anavyoendeshwa. Akili mnemba yake ina ngazi mbili. Ngazi ya juu hujua daima mahali alipo mchezaji, lakini haimpi kiumbe taarifa kamili. Humdokezea tu eneo la kutafuta. Ngazi ya chini ni ya kiumbe mwenyewe, nayo hutegemea macho na masikio yake. Kwa hiyo kiumbe hutafuta kwa dhati, na hukosea kwa dhati. Baadhi ya tabia zake hufunguka kadiri mchezo unavyosonga na kwa kutegemea matendo ya mchezaji, hivi kwamba mbinu iliyookoa maisha mara tano haiaminiki mara ya sita. Vilevile ngazi ya juu hupima shinikizo linalomwelemea mchezaji. Likizidi, humrudisha kiumbe kwenye njia za hewa darini ili mchezaji apumue. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapa methali hiyo inakaribia kuwa maelezo ya programu.

Kutokana na mpangilio huu, taharuki haitegemei tukio lililopangwa mahali fulani. Katika riwaya, msomaji anayerudia sura anajua nani yuko nyuma ya mlango. Katika Alien: Isolation, anayerudia ukumbi uleule hajui. Kifaa cha kutambua mwendo anachobeba Amanda huonyesha nukta inayosogea, lakini hakisemi kama nukta hiyo iko sakafuni au juu ya dari. Macho yakikazia kifaa, mandhari yaliyo mbele hufifia. Na mlio wake, kiumbe akiwa karibu, huweza kumwita. Chombo cha maarifa kimegeuzwa kuwa chanzo cha hatari, na hakuna maelezo yoyote yanayohitajika ili mchezaji aelewe hilo. Kwenye Xbox One na PlayStation 4 mchezaji anaweza hata kuruhusu sauti za chumba chake zisikike ndani ya mchezo kupitia Kinect au kamera ya PlayStation, kikohozi chake kikawa kosa la Amanda. Kwa mchezaji anayeishi na watoto wadogo, kiwango hicho cha ugumu hakikutajwa kwenye orodha.

Hata hivyo, kiini cha mjadala ni simu za dharura zilizofungwa ukutani. Mchezaji hahifadhi maendeleo yake popote pengine. Amanda huingiza kadi, taa tatu huwaka moja baada ya nyingine, na katika sekunde hizo kiumbe anaweza kumchoma kwa mkia kutoka nyuma. Resident Evil ya 1996 nayo iliufanya uhifadhi kuwa na gharama, kwa kuhesabu utepe wa wino wa mashine ya kuchapa. Lakini mashine zile kwa kawaida ziliwekwa katika vyumba salama. Sevastopol haina chumba salama. Mchezaji anapokaribia kuokoka ndipo anapokuwa wazi zaidi, na taa zile tatu zinabeba taharuki ambayo tanzu nyingine haziwezi kuizalisha kwa namna hiyohiyo: msomaji humhofia mhusika, ilhali mchezaji huhofia pia dakika 20 za kazi yake mwenyewe.

Hapo hapo ndipo udhaifu unapozaliwa. Katika misheni ya tano, ndani ya hospitali ya San Cristobal, mchezaji hutafuta vyumba visivyofahamika huku kiumbe akizunguka karibu muda wote. Kifo cha kwanza hutisha. Cha pili humfundisha mchezaji. Kufikia cha sita, kiumbe bado hatabiriki, lakini kila kitu kingine kinatabirika: mlango ule, kompyuta ile, droo yenye vifaa vilevile. Mchezaji hupita akikusanya vitu kwa haraka kama mtu anayerudia fomu iliyokataliwa. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, taharuki hufasiliwa kwa kawaida kama hamu ya kujua kitakachofuata. Fasili hiyo inaeleza kwa nini hofu hunyauka hapa: kinachofuata kimekwisha kujulikana, na kinachosumbua ni lini kitaruhusiwa kufuata. Wahakiki waliolalamikia hali hii hawakuwa wakidai urahisi. Walikuwa wakieleza hofu iliyogeuka kuwa uchovu, na ushahidi wa mchezo wenyewe unawaunga mkono.

Urefu unazidisha tatizo. Filamu ya Scott haifiki saa mbili; mchezo una misheni 18 na unaweza kuzidi saa 15. Misheni ya kumi inamnasa kiumbe na kumtupa nje ya kituo, na ingekuwa kilele cha haki. Badala yake zinafuata sehemu zinazotawaliwa na Working Joe, roboti wenye umbo la binadamu, ngozi kama mpira na lugha ya adabu hata wanapokaba koo. Kama taswira ya kampuni inayothamini mali kuliko watu, wamebuniwa kwa ustadi. Kama maadui wa saa kadhaa, ni kikwazo cha polepole kinachohitaji risasi na subira tu. Kiumbe anaporudi, na kisha kubainika kwamba hakuwa peke yake, wingi unapunguza kile ambacho upweke wake ulikijenga.

Kiwango cha Nightmare, kilichoongezwa baada ya mchezo kutoka, kinathibitisha hoja hii kwa njia ya kinyume. Hakitegemei tu kuongeza ukali wa mapigo. Kinaondoa ramani na kukiharibu kifaa cha kutambua mwendo, yaani kinaongeza kutojua. Huo ndio ugumu unaolisha taharuki. Lakini hakigusi urefu wala simu za ukutani, hivyo anayefaidi zaidi ni yule aliyekwisha kuumaliza mchezo na kuzoea maumivu yake.

Hitimisho la kisa linadhihirisha kwamba watunzi wenyewe hawakuuamini mfumo wao hadi mwisho. Kiumbe amejipenyeza ndani ya Torrens, chombo cha kuondokea, na mchezaji aliyejifunza kwa saa nyingi kusikiliza, kunyamaza na kubana pumzi kabatini hatakiwi kufanya lolote kati ya hayo. Amanda anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mlango wa angani, na hatima yake inaamuliwa kwa kubonyeza kitufe kinachoonyeshwa kwenye skrini.