Kutoa Kutu, Kubakiza Chuma

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, bunduki ya marisau iliyobaki shambani Njoro au Molo hushinda kabatini, labda itolewe kutishia mnyama anayenyemelea mifugo. Na bunduki inayolala ndiyo inayoliwa. Iliyo kazini hushikwa, hupanguswa, hukaguliwa. Ya kabatini hukumbukwa leseni inapokaribia kuisha, mwenyewe akaitoa na kukuta madoa mekundu juu ya mtutu, yamekaa vilevile vilivyokaa vidole vya mtu aliyeishika mwisho.

Jasho lina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma kikipata unyevu na hewa hakihitaji kushawishiwa. Huku nyanda za juu kuna adui mwingine. Alfajiri ya Molo ina baridi ya kukatisha vidole; bunduki iliyokesha kwenye gari ikiingizwa sebuleni penye moto, chuma kizima hutoka jasho chenyewe. Anayejua kazi huiacha kwanza ipate joto la chumba, akaipangusa, ndipo akaipaka mafuta. Asiyejua huirudisha moja kwa moja kwenye ala ya ngozi, na ngozi hutunza unyevu kwa uaminifu mkubwa.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi wa kutunza bunduki: kazi yake ni kutoa kutu bila kutoa chuma. Mwenye pupa hushika msasa. Fundi hudondosha mafuta mepesi, hata ya cherehani, na kuyaacha yanywewe na lile doa. Kisha hutafuta kitu kinachoweza kung'oa kutu lakini kilicho laini kuliko chuma cha mtutu. Ile senti kumi ya Afrika Mashariki ya kabla ya uhuru, ya shaba nyeusi yenye tundu katikati, inafaa kabisa: ukingo wake hukwangua magamba mekundu na kuuacha mtutu bila mkwaruzo. Hufuata sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote (si ile ya kusugulia sufuria!), ikiwa imelowa mafuta, kwa mkono mwepesi. Kitambaa cha kupangusia kikianza kutoka cheusi badala ya chekundu, simama. Weusi huo ni rangi ya mtutu, na ukiendelea utaimaliza.

Rangi hiyo nayo ni kutu. Mitutu mizuri ya zamani haikupakwa rangi; iliotwa kutu kwa makusudi. Fundi huosha mtutu hata usibaki na alama ya mafuta, akaupaka dawa ya tindikali kwa wembamba sana, akauweka penye unyevunyevu mpaka uote manyoya mekundu. Huuchemsha katika maji safi, na wekundu wote hugeuka mweusi machoni pake. Huyaondoa manyoya kwa brashi laini ya waya, akabakiza utando mwembamba ulioshika chuma, akaanza upya, siku baada ya siku, mpaka weusi ukolee. Maji ya mvua ndiyo yanayofaa. Ya visima vya Nakuru yana madini mengi mno, floridi ikiwamo, ile inayoacha meno ya wenyeji na rangi ya kahawia. Iko njia ya haraka, ya kuzamisha mtutu katika magadi makali yanayochemka, lakini mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu laini haiivumilii: lehemu huliwa, mitutu ikaachana.

Bunduki ya Fox ya mitutu miwili aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, mwaka 1909, katika safari iliyomfikisha Ziwa Naivasha, iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola 800,000. Sifa zilienda kwa kiwanda na kwa mwenyewe. Mimi huwafikiria wabeba bunduki. Roosevelt anawataja baadhi yao kitabuni mwake, Bakari na Kongoni wakiwamo, lakini kwa habari za simba na vifaru. Kazi ya mbeba bunduki haikuishia porini. Jioni, bwana akiwa bafuni, yeye alikuwa na ufito na kitambaa. Fataki za enzi hizo ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi, kwa hiyo ilibidi kwanza umwagiwe maji ya moto, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Usiku mmoja wa uvivu ulitosha kuacha vishimo visivyotoka tena. Nikikutana na mtutu wa miaka hiyo ambao ndani bado unang'aa kama kioo, ninajua aliyeamka au kuchelewa kulala kwa ajili yake hakuwa mwenye leseni.

Kwa aliye na bunduki ya kurithi leo, mahali pa kuangalia kwanza ni chini ya ule mti wa mbele unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Huvuliwa kwa nadra, na kutu huanzia hapo. Mafuta yawe haba, na bunduki isimamishwe mdomo chini, yasije yakateremka na kuozesha mti wa kitako. Msasa ubaki kwa seremala. Namba iliyogongwa kwenye chuma si ya kina kirefu, na ikishafutika pamoja na kutu, mwenye bunduki atakuwa na maelezo marefu ya kutoa kituo cha polisi.